Ngoro Niliyoifukia

Nyumbani, Namswea
Siku ya manyunyu

Mwanangu Odilia,

Habari za blanketi, sabuni na ndoo yenye mfuniko mama yako amekwisha kuzimaliza, na mtakaporudi jioni kutoka Mbinga mjini najua atazianza upya. Mimi siongezi hapo. Barua hii nitaiweka juu ya sanduku lako. Isome leo, usiende kuisoma garini. Kuna jambo la kuamua kesho asubuhi kabla gari halijafika njia panda, na ukilijua ukiwa umekwisha kushuka Lituhi litakuwa limepita.

Nimekaa barazani peke yangu. Manyunyu yalianza alfajiri, ile mvua isiyo na haraka inayolowesha mpaka kuni za ndani zinatoa moshi. Siku kama hii shambani hakuendeki, basi mtu anatazama uani kwake. Mbayuwayu wanapita chini kabisa juu ya mibuni, kwa sababu wadudu nao wamelemewa na unyevu, hawawezi kupanda juu. Ndege mmoja, chozi, amejikunyata chini ya jani la mgomba. Manyunyu yakipungua anatoka, anachomeka mdomo kwenye ua, anarudi kujificha. Nyuki hawajatoka. Kerengende ametua kwenye kamba ya nguo, mabawa yamejaa matone, na nimemwacha. Na kule nyuma ya jiko, kwenye kile kituta ambacho mama yako hapandi kitu juu yake, anatembea yule ndege mweusi na mweupe ambaye mkia wake hautulii. Kitwitwi.

Unamkumbuka. Mdogo wako Agnela ndiye aliyesema kwamba yule ndege anaamkia. "Baba, tazama, anainamisha mkia kwa kila mtu. Ameamkia kuku, ameamkia jiwe, sasa anakuamkia wewe." Nikamwambia basi na mimi nimwitikie, na tukawa tunamwitikia, mimi na yeye, marahaba, marahaba, mpaka mama yako akatoka jikoni kuuliza ni mgeni gani amefika. Agnela alikuwa na miaka sita. Wewe ulikuwa na kumi na miwili, ulikuwa ukiionea aibu michezo yetu.

Kwa miaka saba sikumwona kitwitwi pale. Leo yupo. Huenda alirudi zamani na mimi ndiye nisiyetazama upande ule.

Odilia, mambo yaliyosemwa kwenye matanga ya Agnela si kweli. Bibi Kanisia hakumfanya kitu mtoto. Nilijua tangu asubuhi ya kwanza ya msiba, kabla ya mazishi, na nilinyamaza. Nakuandikia haya sasa kwa hasira ambayo sijui niigawe vipi kati ya watu wanaostahili, lakini nitajitahidi nianze tangu mwanzo.

Mwaka ule wa msiba ulikuwa wa kwanza au wa pili tangu waruhusiwe wanunuzi binafsi wa kahawa. Wewe unakumbuka magari mapya barabarani na watu wakicheka. Mimi nakumbuka ghala la ushirika likifungwa kufuli. Zamani dawa ya mibuni ilikuja pale, kwenye makopo yaliyozibwa kiwandani, yenye karatasi na picha ya fuvu. Bwana shamba alitukalisha chini, akatusomea, kisha akamsimamisha mmoja wetu arudie. Nami nilirudia mara nyingi, maana darasa la saba langu lilikuwa zuri na sauti yangu inasikika. Usipulize kukiwa na upepo. Usinywe wala usivute sigara. Usioshe bomba la kupulizia mtoni. Tulimcheka yule bwana kwa jinsi alivyopenda kurudia. Mwaka ule alipunguzwa kazini, akafunga mizigo yake kwenye baiskeli, akaenda kwao. Hakuja mwingine.

Kunguni wa kahawa hawakupunguzwa kazini. Mvua za Desemba zilipoanza walijaa kwenye matunda machanga, ukitikisa tawi wanaanguka kama punje. Nikaenda gulioni. Yule mfanyabiashara aliyekuwa amefungua duka la kila kitu alikuwa na pipa nyuma ya nyumba, na alikuwa akimimina kutoka pipani kwenye chupa za bia, anaziba kwa gunzi la hindi. Watu walikuwa wamepanga mstari. Ilipofika zamu yangu nikauliza, "Karatasi yake iko wapi?"

"Karatasi ya nini, mzee?"

"Ya maelezo. Ni dawa gani, inachanganywaje."

Akaniangalia kama mtu aliyeombwa cheti cha ndoa. "Hii ni kiboko yao. Kizibo kimoja kwa bomba zima. Wakiwa sugu, viwili. Umeelewa au nikuimbie?"

Nyuma yangu mtu akasema, "Muacheni huyo, bado yuko ushirika. Anasubiri bwana shamba aje amshike mkono."

Mwingine akadakia, "Mpeni karatasi ya sigara asome arudi kwake."

Mstari mzima ukacheka. Kulikuwa na kijana niliyemfundisha mimi mwenyewe kukata matawi ya mibuni, naye alicheka. Nikaona uso unawaka. Nikashika chupa yangu, nikaondoka, nami nilikuwa nikicheka pia, ili nionekane mwenzao.

Nimelitafakari sana lile cheko langu. Watu wanasema maovu hufanywa kwa tamaa au kwa chuki. Mimi langu nililifanya kwa kuogopa kuonekana mshamba mbele ya watu kumi na wawili, ambao nusu yao leo hawaikumbuki siku ile. Na yule mwenye pipa bado yupo. Duka limekuwa maduka mawili. Bado anamimina. Nikipita huniita, "Mzee, karibu," kwa upole kabisa, na mimi huitikia. Tuliambiwa biashara sasa ni huria, kila mtu achague. Nilichaguaje kitu kisicho na jina?

Nilipuliza siku mbili. Vizibo viwili, kwa sababu alisema wakiwa sugu. Siku ya pili alasiri nikamaliza, na bomba likawa la kuoshwa. Hapa ndipo penye kosa langu mimi, si la mtu mwingine, na ningeomba usome taratibu.

Nilikumbuka mafundisho: usioshe bomba mtoni. Niliyashika hayo. Nilijiona mtu mwangalifu kuliko wale waliocheka, ambao najua walisuuza mabomba yao kijitoni palepale wanawake wanapochota. Mimi nikasema, maji ya ngoro hayaendi mtoni. Ndiyo maana wazee wetu walizichimba, mvua iangukie shimoni, ikae, iingie ardhini polepole, isichukue udongo wa mlimani. Tunajivunia. Wageni wakija tunawapeleka kuzitazama zilivyopangana mlima mzima. Basi nikaenda kwenye ngoro ya mwisho, ile iliyokuwa karibu na jiko, ilikuwa imejaa maji ya mvua ya siku nne, nikasuuza bomba humo. Nikasuuza mara tatu, kama tulivyofundishwa. Maji yakawa meupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Nikaridhika. Nikanawa mikono kwa sabuni, nikaingia ndani kunywa uji.

Ngoro inakaa na maji. Nilijua inakaa na maji. Kitu kilekile nilichokuwa nikijivunia ndicho sikukifikiri hata dakika moja.

Kesho yake palikuwa na unyevu kama leo, mvua ikikatika na kurudi, na mchana kumbikumbi wakatoka. Wewe ulikuwa shuleni. Walitoka kwenye kichuguu cha kwa jirani kama moshi, na kila ndege wa kijiji akawa pale: mbayuwayu, shore, mnana, hata kunguru. Walioshiba mvua walianguka. Wengi wakaangukia kwenye ile ngoro, wakaelea juu ya maji na mabawa yao. Agnela akachukua bakuli la bati. Nilimwona. Nilikuwa nimeketi hapahapa nilipo sasa, nikinoa panga, nikamsikia akiwaambia ndege, "Hawa wangu, nyinyi kamateni wa juu." Alikuwa akiokota majini, anakwanyua mabawa, mmoja bakulini, mmoja mdomoni. Wabichi, kama watoto wote wanavyokula, kama mimi nilivyokula. Nikacheka. Nikamwambia, "Utatubakishia?" Akasema, "Nakwenda kukaangiwa na Bibi, yeye ana kigae kizuri."

Akateremka njia ya chini na bakuli lake.

Yaliyofuata unayajua kwa upande mmoja. Bibi Kanisia, mdogo wake marehemu mama yangu, alikuwa peke yake katika nyumba ile ya chini, na Agnela alikuwa ndiye mgeni wake wa kila siku. Bibi alimwita "mke mwenzangu" kwa utani. Alimkaangia. Alimpa wote ale, kwa sababu mtoto alikuwa na furaha na bibi hana meno ya kutafunia kumbikumbi. Jioni mtoto akaanza kutoka mate, jasho likamlowesha, mikono ikatetemeka. Bibi alimbeba mgongoni kupanda mlima huu, mwanamke wa umri ule, akafika hapa hawezi kusema. Tulimtia Agnela kwenye machela kuelekea zahanati. Hatukufika naye.

Asubuhi yake watu walianza kuja. Nilitoka kwenda nyuma ya jiko kwa sababu sikutaka kushikwa mkono na mtu. Na nikaiona ngoro. Vyura walikuwa wamegeuza matumbo juu. Nyuki wengi pembeni, wale ambao huja kunywa kwenye matope. Shore mmoja amelala ubavu. Vitwitwi wawili, miguu imekunjwa, mmoja mkia wake umo ndani ya maji. Hakuna kilichokuwa kikitikisika. Nilisimama pale nikaelewa kila kitu kwa mara moja, kama mtu anayesomewa ile karatasi ambayo sikupewa.

Nilichukua jembe nikaifukia. Niliwafukia ndani yake, ndege, vyura, nyuki, wote. Nikaweka udongo mpaka pakawa kituta. Nikarudi barazani na tope miguuni, watu wakasema masikini, amechanganyikiwa, anachimba.

Mchana ndipo mjomba wa mama yako akauliza mbele ya wote, "Mtoto alikula wapi mara ya mwisho?"

"Kwa Kanisia."

"Walikula pamoja?"

Wanawake wakatazamana. Mmoja akasema, "Yeye hakula. Amesema mwenyewe. Hata mmoja hakula."

Mjomba akatingisha kichwa polepole. Na Bibi alikuwa ameketi palepale kwenye mkeka, kanga imelowa mate ya mtoto, akasema, "Sina meno, ndugu zangu." Ni hivyo tu alivyosema. Kuna mtu aliguna.

Wakanigeukia mimi, baba wa mtoto, mwenye sauti inayosikika. Ningesema sentensi moja. Nilitazama chini. Nilijiambia nitasema baada ya mazishi. Kisha nikajiambia baada ya matanga. Kisha ikawa kwamba nikisema watauliza kwa nini sikusema, na kila mwezi lile swali likawa zito kuliko mwezi uliopita.

Walichomfanya Bibi hukukiona chote, lakini umekiishi. Hakupigwa, nalo hilo watu hujisifia. Waliacha tu kuketi benchi lake kanisani. Waliacha kuomba moto kwake. Watoto wanapita njia ya juu. Na kazi ya ngoro, wewe unaijua ilivyo: mwanamume afyeke majani na kuyalaza miraba, mwanamke achimbe na kufunika, na hakuna mtu peke yake aliyewahi kulimaliza shamba. Msimu wa kwanza alingoja watu waje kama kawaida. Alipika pombe ya kuwapokea. Akaimwaga. Tangu hapo mteremko wake umekuwa vichaka, mvua imeubeba udongo mpaka mawe yanaonekana, na anaishi kwa mihogo ya uani. Nami ninaona mteremko ule kila siku nikiwa kwenye mibuni yangu, na nina panga, na nina mikono, na sikwenda kumlazia hata mraba mmoja.

Na wewe. Ulikuwa na miaka kumi na miwili na ulimpenda mdogo wako, ukawaamini watu wazima. Ulipita njia ya juu. Ulikataa kumbikumbi wa aina yoyote kutoka kwa mtu yeyote. Siku moja nilikusikia ukimwambia rafiki yako, "Yule bibi wa chini si ndugu yetu." Nilikuwa nyuma ya ukuta. Nilikuacha uamini hivyo, kwa sababu kadiri ulivyomchukia yeye, ndivyo ulivyozidi kunipenda mimi, kuniletea maji ya kunawa, kuniuliza kama nimekula. Hilo ndilo linalonikasirisha kuliko pipa la yule mwenye duka. Yeye aliniibia mtoto kwa kutojali. Mimi nilikuibia bibi yako kwa makusudi.

Wiki iliyopita nilimwambia mama yako. Nilidhani atalia au atanirukia. Alikuwa akichambua maharage. Akasema, "Uliifukia ngoro siku ya msiba. Nilikuwa nangoja uniambie kwa nini. Nimengoja miaka saba." Kisha akasema, "Utamwambia Odilia kabla hajapanda gari. Usipomwambia, nitamwambia mimi, na mimi sitasema vizuri kama wewe." Akainuka, akachukua nusu ya yale maharage, akateremka njia ya chini. Hakuniambia walizungumza nini. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, na lile bakuli la bati lilikuwa mkononi mwake. Bibi alikuwa amelitunza miaka yote hii, limesuguliwa kwa mchanga.

Unakwenda kusomea uuguzi. Kule kando ya ziwa wanakamata wale wadudu wanaotoka majini kama wingu, wanawatengeneza mkate. Watakupa, na ukiwaamini wanaokupa, kula. Ni chakula cha watu. Na siku moja kwenye benchi la wagonjwa ataletwa mtoto anayetoka mate na kutetemeka, na nyuma yake watakuja watu wenye jibu tayari, na pembeni atakuwepo mwanamke ambaye hakuna anayekaa karibu naye. Sikuagizi la kufanya. Utakuwa umefundishwa na watu wanaojua kuliko mimi. Nakwambia tu kwamba mimi ningetoa mkono huu ninaoandikia ili siku ile awepo mtu mmoja wa kuuliza, "Jana mlipuliza nini?" Huenda ningesema. Nafikiri ningesema.

Manyunyu yamepungua. Chozi ameacha maficho yake. Kuna siafu wamevuka ua kutoka kwenye kuni, mstari mmoja mweusi, na kuku wanaruka kando. Kitwitwi bado yupo kwenye kituta, anadonoa kitu, mkia unakwenda juu na chini. Sijui anadonoa nini mle. Nimemtazama muda mrefu nikiogopa atalala ubavu, lakini hajalala.

Kesho kukipambazuka nitateremka kwa Bibi Kanisia kabla nyinyi hamjanywa chai. Nitamwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu, na Jumapili nitasimama kwenye jumuiya nirudie, maana kurudia ndiko nilikofundishwa. Mjomba atakasirika. Yule mwenye duka atasema namharibia biashara. Sawa. Nitabeba panga la kufyekea, na kama ataniruhusu nitaanza kulaza majani kwenye mteremko wake kesho hiyohiyo. Kama hataniruhusu nitakaa nje mpaka aseme la kusema. Sitarajii anisamehe, na wewe pia sikuombi unisamehe kwa haraka ya gari. Unaweza kuondoka bila kuniaga. Nitajua kwa nini.

Lakini njia panda inafikiwa kwa njia mbili, na sanduku tutalibeba mimi au mama yako, kwa hiyo uzito si sababu. Ya juu ni kavu. Ya chini ina utelezi, na inapita mlangoni kwake. Naomba upite ya chini. Siku hizi akisikia nyayo zinakuja hugeuza uso kuelekea ukutani, ili mpita njia asipate taabu ya kujifanya hajamwona. Basi mwamkie ukiwa bado mbali, kwa sauti, kabla hajageuka.

Baba yako